Falsafa ibaki, maswali ya kudesa ndo yaondoke

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kulalamika kwamba wanafunzi wa vyuo wanabebeshwa masomo yasiyowahusu, yaani mtu anasomea mambo ya afya halafu anapewa falsafa, mwingine anasomea biashara anashangaa kakutana na kemia, matokeo yake anafeli kitu ambacho kazini hatakigusa. Akapendekeza kila mmoja asome cha kwake tu na mengine yafutwe. Barua ile nimeisoma vizuri, kuna mahali kasema kweli tupu na kuna mahali, aniwie radhi, kapotea njia kabisa.

Mimi sio mhadhiri. Nafundisha tuisheni jioni, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, wanakuja na asaimenti zao tunakaa tunazipitia, kwa hiyo kemia, fiziolojia, biashara na falsafa zote zinapita mbele yangu, mara nyingine kwenye daftari la mtu mmoja tena jioni ileile. Na kwa ninavyoona pale mezani, hizi kazi za kozi zinaumiza watu kwa sababu ya jinsi zinavyotungwa na zinavyosahihishwa. Futa falsafa leo, kesho huyohuyo atadesa kemia kwa kunakili majibu ya wengine na keshokutwa fiziolojia.

Kwanza nimpe haki yake. Mzigo upo. Idara nne haziongei, kila moja inapanga siku yake ya kukusanya kazi utadhani mwanafunzi ana somo moja tu duniani, matokeo yake ripoti ya maabara, insha ya falsafa na hesabu za gharama zote zinaangukia wiki moja, na hapo mtu mwenye akili timamu ataanza na ile yenye alama nyingi na zilizobaki atatafuta pa kunakili. Hilo nakubaliana naye asilimia mia na wala halihitaji kamati, wakuu wa idara wakae tu na kalenda moja. Tukitoka hapo, mi na yeye tunaachana.

Angalia maswali yenyewe. Kemia: eleza tofauti kati ya asidi kali na asidi dhaifu. Fiziolojia: taja na ufafanue kazi za figo. Biashara: faida na hasara za ubia. Falsafa: falsafa ni nini, na ina umuhimu gani katika maisha ya mwanadamu. Nani asiyeyajua haya? Yaliulizwa kwa waliotangulia, yataulizwa kwa wanaokuja, na majibu yake yanazunguka kwenye simu za wanafunzi kwa mafaili, ukifungua faili unakuta hata jina la aliyeandika mwanzo halijafutwa vizuri. Kuna watu wanaishi kwa kuuza majibu haya, na siku hizi kuna programu za akili bandia zinakuandikia kurasa tano kabla hujamaliza kuvua viatu. Sasa swali ambalo jibu lake lipo tayari kila mahali, ukimpa mtu aende nalo nyumbani, kwa kweli unampima kitu gani? Unapima kama ana bando.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu maana bila mfano itakuwa ni malalamiko tu. Kuna hesabu ambayo karibu kila anayesoma fiziolojia anakutana nayo, ya asidi ya damu. pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ujue asidi imezidi, na hesabu inasema pH ya damu ni sawa na 6.1 ukijumlisha na logi ya bikaboneti (ile inayotuliza asidi kwenye damu) gawanya kwa 0.03 mara shinikizo la kabonidioksaidi. Kwa mtu mzima asiyeumwa bikaboneti ni kama 24 na kabonidioksaidi kwenye damu ya ateri ni kama milimita 40 za zebaki. Unazidisha 40 kwa 0.03 unapata 1.2, 24 ukigawa kwa 1.2 unapata 20, logi ya 20 ni 1.3, jumlisha na 6.1 unapata 7.4, na ndo yenyewe kabisa, damu ya mwanadamu inakaa kati ya 7.35 na 7.45. Hesabu ya dakika mbili.

Kijana mmoja akaniletea ya kwake, kaandika kwa mwandiko mzuri, kapiga mstari chini ya jibu: 5.88. Nikamuuliza 0.03 iko wapi, akafungua simu akanionesha faili alilonakilia, na kweli kwenye lile faili 0.03 haipo, aliyechapa aliiruka. Kwa hiyo yeye kagawa 24 kwa 40 moja kwa moja, kapata 0.6, logi yake ni hasi 0.22, akatoa kwenye 6.1, hesabu iko sawa kabisa kwa alichonakili. Halafu akahamia swali la pili! Sasa mtu mwenye pH ya 5.88 haumwi, huyo ni marehemu, maana hata ikishuka chini ya 6.8 tu ni nadra sana mtu kupona. Na swali lilisema mgonjwa kaja anatembea mwenyewe anajieleza.

Kilichokosekana pale ni nini? Kemia kidogo anaijua, logi anaijua, kikokotoo anacho. Hakusimama akajiuliza kama jibu hili linawezekana, na kama haliwezekani basi kati ya vitu nilivyoviamini kipi ni cha uongo. Hicho kitendo, cha kurudi nyuma kukagua ulichokichukulia kuwa kweli, ndo mwalimu wa falsafa anajaribu kumfundisha kwenye lile somo ambalo ndugu msomaji anataka lifutwe. Tatizo na mwalimu wa falsafa naye kampa swali la "falsafa ni nini", kijana kanakili, kapata B, na hajawahi kuambiwa kwamba ile kazi inafanyika hata juu ya damu.

Na hiyo 0.03 sio pambo. Ni kipimo cha kabonidioksaidi inavyoyeyuka kwenye damu, inageuza shinikizo kuwa kiasi ili ulinganishe kiasi na kiasi, bila hiyo unagawa kitu kwa kitu kingine ambacho hakifanani nacho. Wanafunzi wengi wanaandika namba tupu bila vipimo, wanasema vipimo vinawachelewesha, wakati angeviandika tu angeona mwenyewe kwamba hapa kuna kitu hakikatani. Msahihishaji naye akikuta 7.4 anaweka vema, akikuta 5.88 anaweka kosa, njia haisomi, kwa hiyo aliyenakili faili zuri na aliyeelewa wanapata alama moja. Mi hapo ndo nasema tunawafundisha wenyewe kudesa.

Ukitaka kujua nani kaelewa mbadilishie swali kidogo tu. Mwambie mtu kaogopa sana, kapumua harakaharaka mpaka kabonidioksaidi imeshuka hadi 20, pH itakuwaje? Ukiacha bikaboneti palepale 24 unapata 7.7, lakini mwili hauiachi, inashuka kidogo, ukiweka 20 unapata kama 7.62. Halafu muulize kwa nini huyo mtu anahisi ganzi mdomoni na vidole vinamchoma. Hapo lazima aseme kwamba asidi ikipungua, protini za damu zinashika kalisi nyingi zaidi, kalisi iliyo huru inapungua, neva zinakuwa nyepesi kushtuka. Na kwa nini mapafu yanabadilisha pH ndani ya dakika lakini figo zinahitaji masaa mpaka siku? Faili halina hayo kwa mpangilio huo, itabidi afikiri, na akikosea utaona kakosea wapi.

Sasa nije kwenye hoja kubwa ya msomaji, kwamba haya masomo hayahusiani. Hiyo hesabu ya damu ina majina mawili, Henderson na Hasselbalch. Huyu Lawrence Henderson alikuwa Mmarekani, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, uhusiano wenyewe aliutoa mwaka 1908, na Hasselbalch wa Denmark akaja kuuweka kwenye logi miaka kadhaa baadaye. Henderson alikuwa mtu wa kemia ya mwili. Lakini mwaka 1913 akatoa kitabu kinachouliza kwa nini maji na kabonidioksaidi vinaufaa uhai kiasi hiki, ambalo ukiliangalia vizuri ni swali la falsafa kabisa, akafundisha pia historia ya sayansi, baadaye akaingia hadi kwenye sosholojia. Na kikubwa, mwaka 1927 Harvard walifungua maabara ya kuchunguza uchovu, yeye akiwa mmoja wa waanzilishi wake. Waliiweka wapi? Sio kwenye shule ya udaktari. Waliiweka kwenye shule ya biashara, chini kwenye besimenti, ikafanya kazi mpaka 1947, watu wakikimbizwa kwenye mashine huku wanapimwa damu, pumzi na asidi ya lakti, kwenye joto, kwenye milima mirefu.

Kwa nini shule ya biashara? Kwa sababu mwenye kiwanda anataka kujua mfanyakazi anachoka lini na kwa nini, na jibu la hilo liko kwenye jasho na damu kabla halijafika kwenye daftari la mahesabu. Anayelipa mshahara wa masaa kumi wakati mwili umeisha saa ya saba ananunua nini hasa? Na ana haki ya kuyanunua hayo masaa matatu? Swali la kwanza ni la biashara na la pili ni la maadili, na huwezi kujibu lolote kati ya hayo kama hujui mwili unafanya nini saa ya saba.

Henderson hakuwa wa kwanza kuchanganya masomo pia. Lavoisier, Mfaransa, ambaye kila mwanafunzi wa kemia anamjua kwa kusema kwamba uzito wa vitu haupotei kwenye mmenyuko, kazi iliyompa hela ilikuwa kwenye kampuni ya kukusanya kodi za mfalme, mtu wa mahesabu haswa. Alipima vilivyoingia na vilivyotoka kama mhasibu anavyofunga vitabu. Yeye na mwenzake Laplace, mtu wa hisabati, wakamweka simbilisi kwenye chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama na kabonidioksaidi aliyoitoa, wakalinganisha na mkaa unaoungua, ikaonekana vinakaribiana, kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole. Kemia na fiziolojia hapo zilikuwa chombo kimoja. Ile kazi ya kodi ndo ilimponza, wanamapinduzi walimkata kichwa mwaka 1794. Nimetoka nje ya mada kidogo ila hadithi yenyewe tamu.

Biashara nayo isijione imesalimika. Kuna asaimenti moja ya kutafuta idadi ambayo hupati faida wala hasara, nimeiona kwa wanafunzi kadhaa. Gharama za kudumu kwa mwezi 600,000, bei ya kuuza kila kipande 500, gharama ya kutengeneza kila kipande 300. Unachukua 600,000 unagawa kwa 200, unapata vipande 3,000. Wote wamepata 3,000, wote wameweka mstari chini, vema, vema, vema. Lakini kwenye sentensi ya pili ya swali kuna maneno yamesimama pale kwamba mashine ina uwezo wa vipande 2,500 kwa mwezi. Elfu mbili na mia tano! Yaani hiyo biashara hata ikiuza kila kitu inachotengeneza, kila mwezi inakula hasara, na hakuna hata mmoja aliyeandika hivyo maana faili liliishia kwenye 3,000. Aliyeelewa angesema kwa uwezo huo kila kipande lazima kiache 240, kwa hiyo bei iwe 540 au gharama ishuke, na akaendelea kuuliza kama wanunuzi watakubali 540. Hiyo ndo kazi ya meneja. Kugawa 600,000 kwa 200 ni kazi ya kikokotoo.

Na wakishafika kwenye 540, kuna anayeandika "kwa hiyo kampuni inapaswa kupandisha bei". Hapana, hesabu imekwambia bei gani inafunga vitabu, haijakwambia unapaswa kufanya nini. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alishalisema hili mwaka 1740, kwamba watu wanaeleza mambo yalivyo halafu ghafla wanahamia kwenye inavyopasa iwe na hawasemi wamevukaje. Kwenye kipande cha sabuni labda haina uzito. Kwenye dawa ina uzito sana.

Hilo la mantiki ndo linaniuma zaidi kwa hawa wa afya. Mwanafunzi anajua kwamba mgonjwa wa kisukari ambaye damu imejaa asidi anapumua kwa kina na kwa haraka. Sawa. Halafu anapewa kisa, mgonjwa anapumua kwa kina na kwa haraka, anaandika bila kusita kwamba huyu damu imejaa asidi ya kisukari. Kwenye falsafa kosa hilo lina zaidi ya miaka 2,000 linafundishwa, toka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: kama A basi B, nimeona B, kwa hiyo A. Hapana! B inaweza kuletwa na mengine, figo zilizoshindwa, dozi kubwa mno ya aspirini, hata mtu aliyetoka kukimbia. Mwanafunzi huyohuyo ukimpa mfano wa mvua na barabara iliyolowa anakuambia hoja ni batili, anapata alama zote, akigeuka kwenye kisa cha mgonjwa analirudia kosa lilelile. Sasa hapa ufute falsafa au umwambie mwalimu wa falsafa aache mvua na barabara, achukue mifano kutoka kwenye wodi?

Na hapo ndo ombi langu kwa wahadhiri lilipo, wala sio kubwa. Tungeni angalau kazi moja kwa muhula ambayo inapita kwenye masomo yote na inayodai njia. Nitatoa moja niliyowahi kuwapa vijana wangu, ichukueni bure.

Tengeneza lita moja ya maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9. Ni gramu 9 za chumvi kwa lita. Uzito wa moli moja ya chumvi (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe) ni gramu 58.44, kwa hiyo una kama moli 0.154, yaani milimoli 154. Mpaka hapa kila mtu yupo. Nikawauliza unaipimaje hiyo lita, wengi wakasema unaweka chumvi halafu unamimina lita moja ya maji juu yake. Sivyo, unaiyeyusha kwanza kwenye maji kidogo ndani ya flaski ya kupimia halafu unajaza mpaka kwenye mstari, maana kinachotakiwa ni lita moja ya mchanganyiko, sio lita moja ya maji na chumvi ya ziada. Kwa chumvi chache hivyo tofauti ni ndogo, sawa, lakini tabia hiyo ukiipeleka kwenye sukari ya asilimia 50 utaona aibu.

Halafu fiziolojia: kwa nini 0.9 na sio 0.5 au 5? Chumvi ikiyeyuka kila chembe inagawanyika mara mbili, sodiamu na kloraidi, kwa hiyo 154 inakuwa 308, na damu yenyewe inacheza karibu na 290, seli nyekundu zikiwekwa humo hazivimbi wala hazisinyai. Ukimwekea mtu maji matupu kwenye mshipa seli zinanyonya maji zinapasuka. Ukikosea nukta ukaweka gramu 90 zinanyauka. Nukta moja tu, na nukta hiyo anayeiweka ni mwanafunzi wa kemia aliyezoea kunakili.

Sasa biashara. Niliwaambia wapige gharama ya kutengeneza chupa moja. Wakaandika chumvi gramu 9, maji lita moja, wakajumlisha, wakacheka, wakasema mbona inauzwa ghali, hawa ni wezi. Nikawaambia ongezeni maji ya kusafishwa mpaka yawe salama kuingia kwenye damu, mashine ya kuua vijidudu, chupa, mtu wa kupima kila bechi, bechi nzima inayomwagwa ikikutwa na tatizo, tarehe ya kuharibika, zilizobaki stoo mpaka zikapitwa na tarehe. Chumvi pale ndo kitu rahisi kuliko vyote! Wakashangaa. Halafu wakachanganya faida juu ya gharama na faida juu ya bei, ugonjwa wa kudumu huo: kitu cha 100 ukikiuza 125 faida ni asilimia 25 ya gharama lakini ni asilimia 20 ya bei, na mtu anayezichanganya akipewa idara ya ununuzi atasaini mkataba wa hasara huku anatabasamu.

Mwisho nikawauliza, zimebaki chupa kumi, wanaozihitaji ni kumi na tano, nani apewe? Aliyefika kwanza, aliye hoi zaidi, mwenye uwezekano mkubwa wa kupona, au anayeweza kulipa? Walibishana mpaka nikakata tamaa ya kufunga kipindi. Wa biashara akasema anayelipa ndo anaifanya stoo ijazwe tena kesho, wa uuguzi akamuuliza hiyo kesho inamsaidia nini anayekufa leo, akanyamaza, akarudi na hoja nyingine nzuri tu. Hakuna aliyeniuliza falsafa ina umuhimu gani katika maisha ya mwanadamu.

Kazi kama hiyo hainunuliki kirahisi. Hata ile programu ya akili bandia itaandika, tena vizuri, sikatai, lakini mwite mwanafunzi dakika tano umuulize hii 308 umeitoa wapi, na kwa nini hukuweka gharama ya bechi iliyomwagwa. Kama kaelewa utajua, kama kanakili utajua haraka zaidi, nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahadhiri watasema wana wanafunzi mia tatu darasani na dakika tano kwa kila mmoja haiwezekani. Kweli, hawezi kuwaita wote. Aite kumi kwa kura kila kazi, bila kutaja mapema ni nani, na wote watasoma kwa hofu ya kuitwa. Na namba za kwenye swali zibadilishwe kila mwaka, kwani kubadilisha 24 kuwa 18 ni kazi ngapi? Alama za njia ziwe nyingi kuliko alama za jibu, na jibu lisilowezekana, kama mgonjwa wa 5.88 anayetembea, lipate sifuri hata kama hesabu imefuata kanuni, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe ameandika pembeni kwamba hili jibu silielewi, nadhani kuna kitu nimekosa. Huyo apewe alama, tena nzuri.

Kwa wauza majibu sina neno refu, wanafuata soko. Wazazi nao wanaolipa ada wakaambiwa mtoto kapata B za kutosha, wamuulize tu siku moja wakiwa wanakula, hiyo B ya fiziolojia ilikuwa ya swali gani.

Na kwa msomaji mwenzangu aliyeanzisha mada hii nina ombi. Aliandika kwamba kijana wake alifeli falsafa na ndo kilichomkera. Atuletee hilo swali alilofeli, lilivyo, na alichojibu. Likiwa ni "falsafa ni nini" basi nitasimama upande wake kwamba lilikuwa swali la hovyo. Likiwa ni la hoja, kama A basi B, atutajie na kijana anasomea nini, nitamwandalia mfano kutoka kwenye fani yake hiyohiyo, mhariri akiruhusu tuuweke hapahapa kwenye ukurasa huu wajibu na wengine.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa tuisheni